Kosta ya wazee: jinsi ya kwenda kujenga mlimani bila kuwa mzigo

Machi 2010 nilikuwa bado na magwanda. Mlima Elgon ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, kule Bududa, mashariki mwa Uganda, na kwa kuwa mitambo haikuweza kupanda, tulichimbua kwa majembe. Siku hizi narudi huko na wastaafu wenzangu sita kwa kosta kuukuu, mara hii kujengea watu nyumba. Marekani kuna wastaafu wanaozunguka na magari-nyumba kwa kazi kama hii. Shirika la kujengea watu nyumba, Habitat for Humanity, lina mpango wake uitwao RV Care-A-Vanners. Magari yao yana choo na bafu ndani. Letu lina turubai na jerikani. Lakini jambo kubwa ni lile lile: aliyepoteza nyumba asihangaike kukutafutia wewe pa kulala.

Basi anza na gari. Ng'oa viti vya nyuma, bakiza vya kuwatosha watu wenu. Masanduku ya vifaa yafungwe sakafuni, magodoro juu yake. Mtungi wa gesi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo. Kupika ni nje, hata mvua ikinyesha. Unga wa posho, maharage, chumvi, dawa ya kutibu maji, blanketi mbili kila mtu, maana usiku wa kule mifupa ya mzee inajua. Dawa za presha na sukari beba za mwezi mzima hata kama safari ni wiki mbili. Daraja likikatika huteremki.

Usiegeshe kando ya mto wala chini ya ukingo uliokatwa. Safari yetu ya kwanza tulipata uwanja wa nyasi, tambarare, mzuri kabisa. Mvua ikanyesha usiku. Asubuhi magurudumu yalikuwa yamezama hadi ekseli, na vijana wa kijiji, ambao nusu yao walikuwa wamelala chini ya turubai, walituvuta kwa kamba mpaka saa saba mchana. Mama mmoja akatuletea chai. Sijawahi kunywa chai kwa aibu namna ile.

Nenda Desemba hadi Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza. Na kama mwaka unagawanyika kwa mbili, usipange kazi Agosti: ni msimu wa imbalu, vijana wanatahiriwa, kijiji kizima kiko kwenye ngoma. Hupati wa kubeba hata tofali moja.

Ukifika, kabla ya kushusha mwiko, mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Tembea naye kiwanjani. Ukiona ardhi ina ufa, miti imeinama, au chemchemi imetokea pasipokuwa na maji, hapo usijenge, hata mwenye nyumba akilia. Halafu uliza ardhi ni ya nani, na jibu liandikwe, mashahidi watie sahihi. Tuliwahi kumjengea mjane nyumba. Bati la mwisho halijapigiliwa, shemeji akatokea na kusema kiwanja ni chake. Kesi ilichukua muda mrefu kuliko ujenzi.

Sasa tofali, na hapa nitakaa kidogo. Tofali za kuchoma zinakula miti, na mlima huu umeshapungukiwa na miti. Sisi tunakodi mjini Mbale mashine ya mkono ya kushindilia tofali za udongo na saruji. Chukua udongo mwekundu ulio chini ya ule mweusi wa shamba, uchekeche, changanya karai 1 la saruji na makarai 15 ya udongo ungali mkavu, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo. Kujua kama maji yametosha, finyanga donge ngumini, nyoosha mkono usawa wa bega, liachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika kuwa vumbi, ongeza maji. Likibaki zima, umezidisha. Likivunjika vipande vinne au vitano, shindilia haraka kabla saruji haijaanza kushika.

Tofali hizo zifunikwe kwa plastiki au nyasi na kumwagiwa maji kila siku kwa wiki nzima, kisha zisubiri mpaka zitimize siku 28. Ndiyo maana safari ni mbili. Ya kwanza mnashindilia na kumwachia kijana mmoja kazi ya kumwagilia, ya pili mnajenga. Kila mwaka kuna mzee anayetaka kubana yote ndani ya safari moja. Tofali mbichi zikamdhalilisha mbele ya watu.

Kuvuta mpini wa mashine waachie vijana. Mzee kazi yake ni uzi, timazi ya kupima kama ukuta umesimama wima, na pimamaji ya kupima usawa. Kona ya nyumba ipime hivi: toka kwenye kona futi 3 ukuta mmoja, weka alama, futi 4 ukuta wa pili, weka alama, kati ya alama hizo mbili lazima uzi usome futi 5. Ukisoma vingine, kona imepinda. Nafanya hivi na kijana ameshika ncha ya pili ya uzi, na kona ya tatu namwachia aipime mwenyewe mimi nikiwa nimekaa kwenye jerikani.

Paa lifungwe kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma uliozamishwa tofali kadhaa chini. Bati geji 28 kama fedha zipo. Msumari upige kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni.

Siku ya kuondoka, uzi, timazi na pimamaji vibaki kwa yule kijana. Mwaga maji ya jerikani zote kabla ya mteremko. Breki za kosta yetu tunazijua.