Somo: Prosesa ya K, uongeze hela au uachane nayo?

Wakuu, swali la "nichukue yenye K au ya kawaida?" linarudi kila mtu anapounga kompyuta ya gemu au ya kuhariri video, kwa hiyo leo tulimalize. Kwa wageni: prosesa za Intel zenye herufi K mwishoni mwa jina hazijafungwa kizidishi, ile namba inayozidishwa na mwendo wa msingi kupata kasi ya prosesa. Unaingia kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mazabodi), unaipandisha mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani. Huko ndiko kuovakloki. Msimamo wangu nauweka mapema: siku hizi K inanunuliwa kwa ajili ya viini vyake (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), si kwa ajili ya kuovakloki.

Hatua ya 1: Jua kinachokubana. Fungua gemu unalocheza zaidi, shusha rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p. Fremu (picha kwa sekunde) zikipanda sana, aliyeelemewa ni kadi ya grafiki, na hela ya K ipeleke huko. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayokwamisha, endelea kusoma. Na kama monita yako ni ya 60 Hz na tayari unapata fremu 90, tafadhali kanunue SSD.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo mzima. Chukua i5-12400 na i5-12600K. Zilipotoka, bei elekezi Marekani zilikuwa dola 192 na dola 289. Unaona tofauti ya dola 97, unasema si mbaya. Sasa fungua boksi: 12400 inakuja na kipozeo chake, 12600K haina. Halafu mazabodi. Ile yenye chipseti ya B660 inakuruhusu kupandisha RAM, lakini kizidishi cha prosesa haikigusi; ukitaka kuovakloki kwa njia ya kawaida ni Z690, ambayo ni ghali zaidi. Kwa hiyo nyongeza ziko tatu, na muuzaji wa Kariakoo atakutajia ya kwanza tu.

Hatua ya 3: Linganisha na unachopata. 12600K, viini vyake vikubwa (vile vyenye nguvu zaidi) vyote vikiwa kazini, inakimbia 4.5 GHz bila kuguswa. Ukifanikiwa kuifikisha 5.0, umeongeza kama asilimia 11. Video iliyokuwa inarenda (inatengenezwa faili la mwisho) kwa dakika 10 itachukua dakika 9, na hapo mambo yamekwenda vizuri kabisa. Enzi za Celeron 300A, mwaka 1998, watu walipandisha mwendo wa "bus", njia ya data kati ya prosesa na mazabodi, kutoka 66 hadi 100 MHz na prosesa ya 300 ikakimbia 450. Ile ilikuwa nusu nzima, bure! Leo turbo ya kiwandani (prosesa kujipandisha mwendo yenyewe) imeshakomba sehemu kubwa ya akiba hiyo kabla hujafika.

Faida ya kweli iko kwingine: 12400 ina viini 6, 12600K ina 10, vinne vikiwa vidogo. Hivyo vinafanya kazi hata kwenye B660, bila kuovakloki chochote. Anayerenda kila siku atauona utofauti.

Hatua ya 4: Joto na umeme. Matumizi ya umeme yanapanda kwa mraba wa volti, ukizidisha na mwendo. Ukitoka volti 1.20 kwenda 1.35 ili ushike ile 5.0 GHz, prosesa inakula karibu asilimia 40 zaidi, kwa mwendo wa asilimia 11. Na chumba cha Dar mwezi Januari bila AC si chumba cha baridi cha wanaopima prosesa YouTube. Kila nyuzi ya ziada chumbani inahamia kwenye prosesa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina OptiPlex (kompyuta ya ofisini ya Dell) yenye i7-7700. Nikiweka 7700K nitaovakloki?*
Hapana. Mazabodi za ofisini hazifungui kizidishi, na kipozeo chake kilipangiwa prosesa ya wati 65 wakati 7700K ni ya 91. Zote mbili zina viini 4. Kaa na uliyonayo.

*Na sisi wa Ryzen, prosesa za AMD?*
Mna nafuu. Ryzen 5 5600 haijafungwa, ina kipozeo ndani ya boksi, na mazabodi ya B450 au B550 inatosha. Ikwepe A520 tu, hairuhusu kuovakloki. Anza na PBO, mfumo wa AMD wa kupandisha mwendo wenyewe, badala ya kupandisha kizidishi kwa mkono.

*Nimepata 13900K iliyotumika, bei inavutia. Nichukue?*
Taratibu. Kizazi cha 13 na cha 14 kilikuwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi, na Intel ilitoa marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa, yaitwayo 0x12B, mwaka 2024. Yale yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi prosesa iliyokwishaumia. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, irende kitu kizito angalau nusu saa. Gemu likijifunga lenyewe au skrini ya bluu ikitokea, mrudishie.