Sahani haisafiri imelala

Nauza vyombo Kariakoo, na wateja wengi wa mikoani nawatumia mizigo kwa basi: Songea, Mbeya, Mwanza, Bukoba. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya ndani ya buti la basi, ambako boksi lako litalaliwa na gunia la mtu, litarushwa na kila tuta, kisha lishushwe saa nane za usiku na kijana mwenye usingizi. Maneno "VYOMBO, VINAVUNJIKA" yaandike kwa maka nene, haidhuru, lakini funga kana kwamba hakuna atakayeyasoma.

Boksi kwanza. Ya mafuta ya kula ni magumu, ya biskuti ni mepesi mno. Bonyeza kona kwa kidole gumba. Ikibonyea, hilo ni la kuwashia jiko. Lililowahi kulowa pia liache hata kama limekauka, karatasi yake imeshalegea. Na lisiwe zito kupita nguvu za mtu mmoja. Wakilibeba wawili, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyeshika.

Sasa sahani, maana hapa ndipo watu wanapopata hasara. Wengi huzipanga kama zinavyokaa kabatini, moja juu ya nyingine. Basi likiruka tuta, uzito wote unashukia katikati ya sahani ya chini, na katikati ndipo penye udhaifu. Zisimamishe kwa ukingo. Kila moja ivishe karatasi nyeupe, kisha gazeti, kwa sababu wino wa gazeti hushika kwenye chombo cheupe kikipata unyevu. Zifunge nne nne kwa solotepu, uziegemeze pamoja zisipate pa kuangukia. Chini, juu na pembeni acha nafasi ya vidole vinne, ujaze.

Cha kujazia si lazima kiwe cha gharama. Ile nailoni yenye vipovu vya hewa ni nzuri, ila mimi naiweka kwa ajili ya glasi tu. Kwingine natumia magazeti yaliyofinyangwa, au maranda kutoka kwa seremala. Maranda yawe makavu kabisa, na yatie kwenye mifuko, la sivyo mteja atafagia wiki nzima.

Glasi na vikombe usivichomeke kimoja ndani ya kingine. Jaza karatasi ndani ya kila kimoja, na mkono wa kikombe uzungushie kabla ya kufunga mwili wake. Glasi yenye shingo nyembamba, nenepesha shingo kwa karatasi mpaka ilingane na tumbo.

Chupa ya chai ndiyo mtihani. Kwa nje inafika inang'aa, ukiitikisa inalia kama kayamba. Ndani mna kioo chembamba chenye kuta mbili, hewa imetolewa katikati, na chini kuna kincha, yaani ncha ndogo, pale kioo kilipozibiwa. Kincha hicho kikigongwa, chupa imekwisha. Iache kwenye boksi lake la dukani, kisha liweke boksi hilo ndani ya boksi kubwa, kitako kikae juu ya sponji nene. Kabla ya kufunga, itikise huku unajirekodi video, mteja asikie kwamba ilitoka nzima.

Kabla ya solotepu, funika boksi kwa mkono ulitikise. Ukisikia chochote kinacheza, ongeza karatasi. Solotepu ipite kwenye mshono wa katikati na kwenye kingo mbili za pembeni, juu na chini. Kisha kamba ya katani, msalaba, uache kishikio juu. Mpakiaji akipata pa kushika, harushi. Masika tia boksi zima kwenye nailoni kabla ya kamba. Jina na simu ya mpokeaji viandike pande mbili, na karatasi nyingine yenye hayo hayo itie ndani.

Ofisini taja kilichomo na thamani yake, viandikwe kwenye risiti. Mpakiaji mpe buku la soda akuwekee juu ya magunia. Halafu mpigie mpokeaji umwambie: boksi lifunguliwe pale pale, mbele ya karani, kabla hajasaini. Akishafika nalo nyumbani, hakuna atakayemsikiliza.