Breki za mbele za Vitz: namna ya kuziboresha mwenyewe nyumbani

Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo inashuka karibu mita 1,000. Vitz yenye watu wanne na mizigo yao ina uzito wa kilo 1,300 hivi, na kimo hicho kinaipa nishati ya megajuli 12 na ushei. Kulisimamisha gari hilohilo likiwa kilomita 100 kwa saa huhitaji kumeza nusu megajuli tu. Maana yake mteremko huo mmoja ni sawa na kufunga breki za nguvu mara 25. Injini husaidia ukiwa umeshusha gia, na upepo hupunguza kidogo. Sehemu kubwa ya kinachobaki hugeuka joto kwenye diski mbili za mbele, pedi zake, na mafuta ya breki yaliyo nyuma ya pistoni.

Ndiyo maana kuboresha breki za gari dogo ni kushughulika na joto kwanza. Wengi huanza na diski kubwa zenye matundu, wakaziacha pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) zimekwama na mafuta meusi ya miaka 6. Anza na mafuta, pedi, pini na uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu ambacho diski hukikalia. Kwa gari la matembezi ya kawaida, hapo utapata karibu kila unachokitafuta. Mfano hapa ni Vitz ya kizazi cha pili, yaani KSP90 ya lita 1.0 na SCP90 ya lita 1.3, lakini kazi ni ileile kwa Passo, IST, Demio au Fit. Kinachobadilika ni saizi za spana na nguvu ya kukazia.

Ununue nini

Mafuta: DOT 4, lita 1 iliyofungwa kiwandani. Lita nzima inatosha magurudumu yote manne. Nusu lita inatosha ya mbele tu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata yakiwa ndani ya gari. Kwa viwango vya chini vilivyowekwa, DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, na ikishanyonya maji asilimia 3.7 inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya maji. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke hubanika: unakanyaga pedali inazama, gari linaendelea. DOT 4 inachanganyika na DOT 3 bila shida. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiitie kabisa. Na oili ya injini, ya gia au ya hidroliki isikaribie kikopo cha mafuta ya breki hata tone: raba za ndani huvimba, na hapo unabadilisha masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), kalipa, mipira na kila chenye raba.

Pedi: tazama mgongoni au ubavuni mwake. Kwenye pedi nyingi, mwisho wa mfululizo wa namba kuna herufi mbili. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF ni chaguo zuri. FE hushika vizuri mjini na kulegea mlimani, yaani pale unapoihitaji zaidi. Pedi za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara na maandishi 90R, nazo ni za kuaminika. Isiyo na alama yoyote mrudishie muuzaji, hata kama bei inavutia. Pedi za mashindano nazo hazifai, kwa sababu hazishiki mpaka zipate moto, na mtoto hukatiza barabara asubuhi zikiwa bado baridi.

Diski: nunua mbili, za kampuni moja, zenye mifereji ya hewa katikati kama zilizotoka. Acha zilizotobolewa, kwenye gari la barabarani matundu hayaongezi kushika, na nyufa huanzia pembeni mwa matundu hayohayo. Magari yenye jina moja huweza kuwa na diski za vipimo tofauti, kwa hiyo nenda dukani, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, na namba ya chesisi pamoja na kipenyo ulichopima kwa rula. Diski ya zamani ina maandishi MIN TH ukingoni: hicho ndicho kipimo cha mwisho cha unene. Kama bado iko juu ya hapo, haina ufa na haitikisi pedali, inaweza kubaki.

Mipira ya breki: miwili ya mbele, kama ya sasa ina nyufa ukiikunja au imevimba. Yenye wavu wa chuma cha pua hufanya pedali iwe ngumu na ya kueleweka zaidi, ila iwe na urefu uleule na ncha zilezile.

Ongeza grisi maalumu ya breki, vipete vipya vya shaba (washa) kama unabadilisha mipira, dawa ya kusafishia breki, msasa namba 120 na brashi ya waya. Kwa upande wa spana: soketi 21 ya nati za tairi, 17 ya bolti za breketi (fremu inayoshikilia kalipa na pedi), 14 ya bolti za pini, spana 10 na 8, klampu ya fundi seremala, stendi mbili za jeki na spana ya kupimia nguvu. Hiyo ya mwisho ikikosekana, azima.

Kufungua

Sehemu iwe tambarare na ngumu. Weka mawe au magogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta handbreki, legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Pandisha, weka stendi, kisha lisukume gari kwa mkono kabla hujaingiza hata kidole. Jeki peke yake haishikilii gari unalolifanyia kazi. Geuza usukani nje kwa upande unaoanza nao ili kalipa ikuangalie, na ufanye upande mmoja kwa wakati, ili mwingine ubaki kuwa kielelezo.

Lowesha vumbi kwa dawa ya breki au maji, usilipulizie hewa: vumbi la pedi halifai mapafuni. Fungua bolti mbili za pini, namba 14, toa kalipa, ining'inize kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa mpira wake, nyuzi za ndani ya mpira hukatika na wewe huoni kitu kwa nje. Toa pedi, piga picha jinsi zile bati ndogo na kile kibati cha kupiga kelele pedi inapoisha vilivyokaa. Fungua breketi kwa soketi 17 yenye mpini mrefu. Diski ikigoma, usiipige nyundo. Ina matundu mawili madogo yenye nyuzi, ingiza bolti mbili za M8 uzikaze kwa zamu robo duara, itasukumika yenyewe.

Pale kazi inapoharibikia

Uso wa habu. Diski ikikalia kutu, hata unene wa karatasi, huzunguka ikiyumba. Kiwango kinachokubalika ni milimita 0.05 tu pembeni. Mwanzoni husikii chochote. Baada ya kilomita elfu kadhaa pedi zinakuwa zimeila diski sehemu moja zaidi ya nyingine, usukani unaanza kutetemeka ukifunga breki, na mwenye gari anasema diski mpya zimepinda. Mara nyingi hazikupinda, zilifungwa juu ya uchafu. Sugua habu kwa brashi ya waya, hasa kuzunguka shina la kila bolti na kwenye ukingo wa katikati, mpaka chuma kiwe kinang'aa na kiganja kipite bila kukwama. Diski mpya ioshe kwa dawa ya breki pande zote ili kuondoa mafuta ya kuzuia kutu, iweke, ibane kwa nati mbili za tairi zikiwa na washa chini yake, izungushe. Ukiwa na saa ya kupimia, pima. Ikizidi 0.05, isogeze tundu moja upime tena.

Pini ni za pili. Kalipa ya Vitz ina pistoni moja upande wa ndani, na pedi ya nje huvutwa na kalipa nzima kuteleza kwenye pini mbili. Pini ikikwama, pedi ya ndani huisha huku ya nje ikiwa bado nene, na unatumia nusu ya breki ulizolipia. Zichomoe, futa grisi ya zamani yote, ondoa kutu kwa msasa laini. Kama moja ina kipira kwenye ncha, irudishe kwenye tundu lake lilelile, juu au chini. Paka grisi ya breki kiasi cha kulowesha tu. Ukijaza, hewa inabanwa ndani na pini inajisukuma nje. Grisi ya beringi haifai hapa, inavimbisha raba. Safisha pia makao ya pedi kwenye breketi: pedi iingie kwa kidole, isihitaji nyundo.

Kisha pistoni. Kama ngozi yake ya raba imechanika au pistoni ina vidoa vya kutu, nunua seti ya raba za kalipa au badilisha kalipa, maana pedi mpya hazitatibu hilo. Kama ni nzima, vesha kimrija cha plastiki kwenye nipeli ya kutolea upepo, ncha nyingine iwe ndani ya chupa, legeza nipeli, sukuma pistoni taratibu kwa klampu ukitumia pedi ya zamani kama kibao, funga nipeli kabla hujaachia. Mafuta yaliyo ndani ya kalipa ndiyo machafu kuliko yote, heri yatoke chupani kuliko kurudi juu kwenye ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukifunga breki.

Rudisha breketi na ukaze Nm (nyutonimita) 107, bolti za pini Nm 34. Grisi kidogo mgongoni mwa pedi inapogusana na pistoni na makucha ya kalipa huzuia mlio. Usoni mwa pedi pasiguswe hata na vidole vyenye mafuta.

Kama unabadilisha mipira, fanya sasa. Legeza kwanza nati ya bomba la chuma kwa spana 10 ya kushika pande zote, kwa sababu spana ya wazi huimung'unya. Upande wa kalipa, kile kijino cha mpira lazima kikae kwenye kishimo chake, washa za shaba ziwe mpya, bolti Nm 30 hivi. Geuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho: mpira usivutike, usijisokote, usiguse rimu.

Kutoa upepo

Anayekusaidia akae kwenye kiti, na aweke kipande cha mbao cha sentimita 3 hadi 4 chini ya pedali. Kwenye gari la zamani, pedali ikifika sakafuni raba ya masta silinda hupita sehemu yenye kutu ambayo haijawahi kuifikia, nayo huchanika. Breki zinakufa siku moja baada ya wewe kuzitengeneza.

Jaza kikopo. Yeye akanyage mara 3 na kushikilia, wewe legeza nipeli nusu duara, mafuta yatoke, funga, ndipo umwambie aachie. Nipeli isiwe wazi hata mara moja wakati pedali inapanda. Kila baada ya mara 5 angalia kikopo, kisishuke chini ya nusu. Kikikauka, hewa inaingia kwenye ABS na kazi inakuwa nyingine kabisa. Endelea mpaka mafuta yawe meupe na bila mapovu. Ukifanya magurudumu yote, kwa Vitz ya usukani wa kulia anza nyuma kushoto, ambako ni mbali zaidi na masta silinda. Nipeli hukazwa Nm 8 tu, ni rahisi kukatika. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Wengi husahau kwamba pistoni bado ziko nyuma kabisa, na breki ya kwanza haipo. Ikibaki kama sponji, bado kuna hewa. Ikishuka taratibu huku umeikandamiza, tafuta kinachovuja au uishuku masta silinda. Katika hali zote mbili gari lisitoke uani, mwite fundi.

Nati za tairi: kwa msalaba, Nm 103, gari likiwa limegusa chini.

Kuzoesha pedi

Tafuta barabara tupu. Kutoka kilomita 60 kwa saa shuka hadi 15 kwa kukanyaga wastani, mara 10, ukiacha nusu dakika katikati. Usisimame kabisa pedi zikiwa moto, kwa kuwa zinaacha alama ya umbo lake kwenye diski. Harufu kidogo ni ya kawaida. Halafu endesha dakika 10 bila kugusa breki sana, zipoe. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati, na uchungulie kila kiungo ulichofungua.

Ukitaka breki za RS

Vitz RS ya kizazi hicho, NCP91 ya lita 1.5, huwa na breki za mbele kubwa zaidi, na mtumba wake hupatikana. Nunua kalipa, breketi na diski kutoka gari moja. Diski kubwa hupokea joto zaidi na kuongeza nguvu kwa pedali ileile, lakini kalipa yenye pistoni pana humeza mafuta mengi, na pedali inashuka chini kidogo. Kabla ya kulipa, vesha rimu yako juu ya seti hiyo palepale dukani: ya inchi 14 inaweza kugusa kalipa, na nafasi ya milimita 3 ndiyo ndogo kabisa ya kukubali. Ukifunga, hakikisha nipeli ziko juu ya kalipa. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto inaingia vizuri kabisa, ila nipeli inakuwa chini, na hewa iliyobaki juu haitatoka hata ukipampu mpaka jioni.