Somo: Mtoto wa 1902 Haombi Hela

Mswada mmoja ulinikwaza ukurasa wa kwanza tu. Hadithi iko kwenye milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, mwaka 1902, na mtoto wa miaka minane anamwambia mama yake, “Nipe hela nikanunue chumvi.” Hela tumeirithi kutoka heller ya Wajerumani, na sarafu hiyo ilianza kutolewa mwaka 1904. Kabla ya hapo, pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwandishi alikuwa ameisoma vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani mpaka akaiva, ila mtoto wake alimwokota mtaani kwake juzi. Basi leo tubaki hukohuko Umatumbi tumtengeneze upya, tujifunze kumwandika mtoto wa hadithi ya kihistoria.

Hatua ya 1: Mhesabie umri kwa matukio. Hana cheti wala sherehe ya kuzaliwa. Mama yake atasema alizaliwa mwaka ilipokuja kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilianza kutozwa 1898, kwa hiyo mwaka 1905, pamba ya Wajerumani inapong'olewa na vita kuanza, ana miaka kama saba. Hesabu hii iandike kwenye daftari lako, isiingie kwenye hadithi.

Hatua ya 2: Mpe kazi kabla ya kumpa maneno. Hapa ndipo penye somo lenyewe, mengine ni nyongeza. Mtoto wa shamba alikuwa mlinzi. Mchana anaamia ndege kwenye mtama kwa kelele na teo, usiku analala dunguni, kwenye jukwaa la kulindia shamba, na mkubwa wake kuwinga nguruwe. (Kabla hujampa debe la kugonga, jiulize debe hilo lilifikaje kule mlimani.) Jua dungu lina urefu gani, moto unawashwa wapi, nani anasinzia kwanza.

Kisha tazama kinachotokea. Amri ya kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja ilianza 1902, na iliwaondoa watu wazima mashambani mwao wakati uleule chakula kinapohitaji ulinzi. Mtoto hajui gavana ni nani. Anajua kwamba baba hayupo dunguni na nguruwe wamekuja. Ukoloni wa hadithi yako nzima unaweza kupita hapo.

Linganisha. Mswada ule ulisema: “Baba, Wajerumani wanatunyonya, lakini siku moja tutakuwa huru.” Mimi ningeandika hivi (akida ni msimamizi aliyewekwa na Wajerumani):

*Usiku wa tatu baba hakuja. Alikuwa kwenye pamba ya akida. Nguruwe walikula mstari mzima karibu na kichuguu. Kulipokucha nikayasimamisha mabua yaliyoanguka, nikayashindilia udongo, ili akirudi asijue.*

Mtoto huyu hajasema lolote kuhusu dhuluma. Anaogopa kuchapwa, basi.

Hatua ya 3: Mwache akosee kwa akili. Mtoto si mjinga, anafikiri sana kwa kidogo anachokijua. Wajumbe walioitwa hongo walipoleta dawa, maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za nafaka, watu waliambiwa risasi zitageuka maji. Mkubwa ataamini au atatilia shaka. Mtoto atajaribu: atajimwagia maji ya mto, amwambie kaka yake amrushie jiwe kwa teo. Kovu litakalobaki usoni lina kazi baadaye, usilisahau.

Hatua ya 4: Futa majina ya vitabuni. Neno “Majimaji” kama jina la vita lisitoke kinywani mwake siku ya kwanza. Hakuna aliye ndani ya jambo anayejua litaitwaje likishapita.

Maswali ya wanachama wa chama chetu cha waandishi

*Mwalimu, nikitumia nafsi ya kwanza, mtoto wa miaka saba atasimuliaje kurasa mia mbili?*

Mfanye mzee anayekumbuka. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walizunguka kusini wakikusanya simulizi za wazee kuhusu vita hii. Mtoto wako wa 1905 angekuwa na miaka sabini hivi. Ila sauti ni mbili, usizichanganye: mzee ana haki ya kueleza, mtoto ana haki ya kuona tu. Mzee akianza kueleza kila tukio, mnyang'anye kalamu.

*Aseme Kimatumbi au Kiswahili?*

Andika Kiswahili, ila kisiwe cha darasani. Neno moja la kwao, likirudi mara tatu mahali panapoeleweka, linatosha. Tafadhali usimpe methali kila akifungua mdomo, methali ni za babu yake.

*Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki. Nitaionyeshaje kwa mtoto bila kumliza msomaji kwa nguvu?*

Kwa mikono yake. Askari walichoma mashamba na maghala, watu wakaingia porini kuchimba chakula. Mwonyeshe akichimba ming'oko na mama yake, wiki baada ya wiki, kila mara mbali zaidi na nyumbani. Na acha acheze. Mtoto mwenye njaa bado atalifunga gunzi mgongoni akalibembeleza. Waandishi wengi wanaona aibu kuandika mchezo katikati ya msiba, na hapo ndipo mtoto anapogeuka sanamu.

*Wangu ni msichana. Dungu atapanda?*

Atapanda, nguruwe hawachagui. Ila mchana ana mdogo wake kwenye mbeleko, naye yule mdogo analia saa zote. Anza hapo: nguruwe wamefika, akipiga kelele mtoto ataamka, akinyamaza mtama unaliwa. Niletee ukurasa huo.