Kodi ya jengo isimkimbize sista: kumwandalia nyumba mhudumu wa afya kijijini

Niko kwenye kamati ya zahanati ya kijiji kimoja cha tambarare, Moshi Vijijini. Wahudumu wakipangiwa huku chini huanza kuulizia uhamisho kabla hawajafungua begi. Sista mmoja, muuguzi, alifika jioni, akanunua umeme wa 20,000, na 15,000 ikaenda yote kwenye kodi ya jengo. Nyumba ilikuwa imefungwa miezi kumi. Akaniuliza, "Katibu, hili deni ni langu?" Nikabaki nimeshika kitasa cha mlango.

1. Jueni uwezo wenu. Wajumbe hupenda kusema "tumsamehe kodi". Kijiji hakina uwezo wa kusamehe kodi iliyowekwa na sheria ya Bunge. Kina uwezo wa kuilipa. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na hapo ndipo ugomvi ulipo: anayedaiwa ni mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji.

2. Tafuteni nyumba. Karibu na zahanati, yenye choo kinachofungika.

3. Safisheni mita, yaani isibaki na deni la kodi. Hapa nilipoteza siku nzima, kwa hiyo soma taratibu.

Mwenye nyumba yetu ana miaka zaidi ya sabini. Nilijua wazee kuanzia miaka 60 wana msamaha, nikampakia kwenye bodaboda hadi ofisi ya kodi mjini na kitambulisho chake cha NIDA. Tumekaa kwenye benchi mpaka baada ya chakula cha mchana. Karani akauliza swali moja tu: "Mzee, unalala kwenye nyumba hii?" Halali. Msamaha ni wa nyumba anayoishi mwenyewe. Ya kupangisha inalipiwa. Kwisha habari.

Lakini mzee akatoa mfukoni karatasi za LUKU za nyumbani kwake, zimekunjwa kama tumbaku. Kumbe na huko alikuwa anakatwa, mahali ambapo msamaha ni haki yake! Hilo likaandikiwa barua. Kwa hiyo kabla ya safari, kagueni mita *zote* za mwenye nyumba. Angalieni pia kama nyumba moja ina mita mbili zinazokatwa zote. Kodi ni ya jengo, haihesabiwi kwa mita. Deni la nyuma alipe mwenye nyumba kabla ya kukabidhi funguo, hata kama ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako.

4. Andikianeni. Mzee alikubali 1,500 ipunguzwe kwenye pango kila mwezi, maana kwake imeacha kukatwa. Tumeandika kwenye kaunta buku, sahihi mbili, mtendaji akagonga muhuri. Sitaki kusikia habari za makubaliano ya WhatsApp. Simu ikidondoka chooni ushahidi umekwenda nayo.

Mwenye nyumba akigoma, pelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji ili 18,000 itoke kwenye mapato ya kijiji, na iingie kwenye muhtasari.

5. Jaribu. Siku moja kabla sista hajafika, nunua umeme wewe kwa simu yako, uingize tokeni mwenyewe. Uniti zikitoka pungufu, rudi hatua ya 3 jioni hiyohiyo.