Kabla ya kufungua albamu ya michoro ya msafiri wa zamani

Nawa mikono, ikauke kabisa. Glavu za pamba achana nazo. Vidole hupoteza hisia, ukachana karatasi. Kalamu ya wino ibaki mlangoni, chukua penseli.

Mimi huanza na karatasi, si picha. Inyanyue kidogo kwenye mwanga: chapa iliyo ndani ya karatasi ya Whatman, watengenezaji karatasi wa Uingereza, mara nyingi hubeba mwaka wa karatasi kutengenezwa, na mchoro hauwezi kuutangulia, hata maelezo yaseme nini.

Kisha taa iwe ubavuni. Hapo penseli iliyo chini ya rangi hujitokeza. Akina James Augustus Grant, mwanajeshi aliyechora tangu Unguja hadi mto Nile, 1860–1863, hawakuwa wachoraji wa kazi, hivyo tarajia masahihisho. Juzi, kwenye albamu nyingine, nilikuta mlingoti wa jahazi umefutwa mara tatu. Nikacheka peke yangu.