Mshale wa oili ukigonga juu, usikimbilie kufungua injini

Mama aliyeniletea Land Cruiser pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, mwezi wa Julai hakuja na shida. Alikuja na furaha. Alikuwa ameachiwa gari alijaribu kabla ya kulipa, la dizeli, injini 1HZ, na muuzaji alikuwa amemwonyesha mshale wa presha ya oili ukiwa umelala kule juu kabisa. "Fundi, si hiyo ni ishara injini iko na nguvu?"

Nikamwambia, mama, zima kwanza.

Na wewe anzia hapo, maana huhitaji hata spana. Injini ikiwa imezimwa, washa swichi bila kupiga stata. Pampu haizunguki, kwa hivyo presha hakuna, na mshale unafaa kukaa chini. Wa mama ulipanda polepole hadi mwisho, injini ikiwa kimya kabisa.

Tukafungua boneti. Kwenye Toyota za zamani kama ile, waya wa sensa ya oili ukigusa bodi mshale hupanda, na ukining'inia hewani hushuka. Kwa hivyo uchomoe kwenye sensa. Mshale ukishuka, sensa ndiyo mbovu. Ukibaki juu, waya umechubuka mahali. Huu ulibaki juu. Nikaufuata kwa vidole pembeni ya injini mpaka nikapata plastiki imelika kiasi cha upana wa ukucha, shaba inang'aa, imelalia kona ya kishikio cha chuma. Nikauinua kwa bisibisi, na kijana wangu wa mkono aliyekuwa ndani akapaza sauti, "Imeshuka!" Nikauachilia. "Imepanda!" Tulirudia mara tatu ili mama aone mwenyewe. Lakini jihadhari: kuna magari, hasa ya Marekani, yanayofanya kinyume, waya ukikatika ndipo mshale hugonga juu.

Wengi huishia hapo, wakafunga tepu na kwenda. Mimi siamini geji ya dashibodi ambayo imeshanidanganya mara moja. Toa sensa, funga geji ya mkono mahali pake. Angalia nyuzi za kiungio kabla ya kukaza: za Kijapani nyingi ni za aina ya BSPT ya 1/8, yenye nyuzi 28 kwa inchi, na geji nyingi zinazouzwa ni za aina ya NPT ya 1/8, yenye 27. Zinashikana vizuri mwanzoni, kisha zinakula aluminiamu.

Usisome chochote injini ikiwa baridi. Asubuhi za Julai hapa Nairobi oili huamka nzito, na kuona psi (kipimo cha presha) 60 au 80 dakika za kwanza si ajabu. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji, kwa hivyo geji ya maji kufika katikati haitoshi. Mimi huendesha hadi Donholm na kurudi kwa Outer Ring, na foleni ikiniongezea dakika silalamiki. Kisha soma mara mbili: ikinguruma bila kukanyagwa, halafu kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Mafundi wengi huhesabu psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, lakini mwamuzi ni kitabu cha injini yenyewe.

Tuseme geji ya mkono nayo inasema presha iko juu kweli, na injini ni moto. Shuku oili kwanza. Vuta kijiti cha kupimia uone inavyodondoka. Injini iliyoandikiwa oili nyepesi ya 5W-30 ikijazwa nzito ya 20W-50, presha hupanda tu, na wauzaji wanalijua hilo: oili nzito hunyamazisha injini iliyochoka. Mwaga, badilisha na filta, pima tena. Gari dogo lenye taa tu ya oili halitakuambia kitu, maana taa hiyo huwaka presha ikiwa chini. Huko utajua kwa filta kuvimba au gasketi yake kuvuja. Ikianza kuvuja usiendelee kukanyaga, itamwaga oili yote barabarani.

Oili ikiwa sawa, nenda kwenye vali ya kupunguza presha, mara nyingi ndani ya pampu. Ni pistoni ndogo na springi, hufunguka presha ikizidi. Uchafu au mkwaruzo huigandisha ikiwa imefungwa. Ioshe, ipake oili, iachilie ndani ya tundu lake likiwa wima: ishuke kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa. Nimewahi pia kukuta washa mbili, vile vipete bapa vya chuma, zimewekwa nyuma ya springi ili presha ionekane nzuri. Huyo hakuwa akitengeneza gari, alikuwa akiliuza.

La mwisho ndilo baya. Injini iliyofunguliwa karibuni, geji iko juu, lakini juu kwenye kichwa inagonga kama cherehani: njia ya oili imeziba baada ya kupita sensa, pengine na silikoni iliyopakwa bila huruma. Oili haifiki inakotakiwa. Zima, ivute, ifunguliwe.

La mama halikufika huko. Waya ulipokaa sawa na injini ikapata moto, geji ya mkono ilisoma psi 22 kwenye mizunguko 3,000, na hiyo ni kwa oili nzito kama uji. Injini ile haifai kuwa chini ya 36 hapo. Akanipa simu nipige picha ya geji, na nyingine ya ule waya. Akazituma kwa muuzaji akiwa bado amesimama kando ya gari, kisha akaniuliza chai hapo karibu inauzwa wapi.